Tunda la Yago na Mashine ya Sista Boke

Wiki iliyopita tuliletewa kompyuta mpya zenye kivinjari kipya katika chumba ninapofundisha. Fundi aliyekuja kuziweka alikuwa na haraka. Alibonyeza hapa na pale, akaniambia, "Iko sawa, madam," akaenda zake. Nikabaki na mashine sita zilizovuliwa plastiki zake asubuhi hiyohiyo. Harufu ilikuwa ileile ninayoijua tangu utotoni: plastiki mpya inayopata joto kwa mara ya kwanza, vumbi linaloungua kidogo, na nta ya sakafuni. Mbele yangu palikuwa na ukurasa mweupe, na katikati yake kisanduku kirefu kitupu chenye kijistari kinachotokea na kupotea, kikingoja niandike.

Nimewafundisha watu wengi kuanza. Akina mama wa sokoni, wazee waliostaafu, katekista mmoja aliyekuwa akifuta jasho la vidole kwenye suruali kabla ya kugusa kila kitufe. Wote huwa nawaambia jambo moja: usiogope kisanduku hiki, andika neno lolote, hakuna kitakachovunjika. Lakini siku hiyo nilikaa mikono mapajani. Dani alikuwa amezikwa wiki tatu tu kabla, na kile kijistari kilinirudisha kwake.

Dani ni bibi kwa Kijaluo. Wangu alikuwa mama yake baba, na boma letu lilikuwa karibu na Kosele, mahali unapofika ukitembea kutoka barabara ya Oyugis hadi miguu iwe myekundu kwa vumbi. Baba hakuwepo. Alikuwa amekwenda ng'ambo ya mpaka, kwenye machimbo ya dhahabu ya Tanzania, na mtu wa mwisho kumwona alikutana naye mjini Migori akinunua buti za mpira. Mtu huyo alisema baba alizijaribu buti, akatembea huku na huku mbele ya duka kama askari, akacheka. Baada ya hapo ilikuja barua moja. Kisha zikapita mvua za masika mara tatu, bila barua.

Nilimkumbuka kwa vipande: sauti yake akipiga mluzi bafuni, kwenye ua wa majani makavu ya mgomba, harufu ya sabuni ya kunyolea, kidole gumba kilichokuwa na kucha nyeusi. Nilikuwa darasa la tano na tayari uso wake ulikuwa umeanza kunipotea.

Nyumba ya mama ilivuja. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililokuwa kiini cha yote, ingawa kwa mgeni linaweza kuonekana jambo dogo. Lilikuwa paa la nyasi, na nyasi zikioza lazima zibadilishwe. Lakini paa la nyumba ya mke wa mtu halipandwi na mwanamume yeyote tu. Mume yuko wapi? Kama yu hai, na aje alitengeneze. Kama amekufa, kuna mila za kufuatwa, na zikishafuatwa yuko ndugu wa kulitengeneza. Mama hakuwa mke wala mjane. Kwa hiyo mvua iliponyesha tulisogeza kitanda, tukaweka sufuria, tukasogeza kitanda tena. Mama alianza kukohoa. Alikohoa hadi nikajifunza kulala katikati ya vipindi vya kikohozi chake.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alitaka mwisho wa jambo hili. Kwetu, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, haachwi hivihivi bila kaburi. Watu wa nyumbani huenda kwenye mti wa yago, ule ambao Waswahili huuita mwegea, wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kama kwa kamba. Huchuma tunda moja na kulizika badala ya mtu. Tunda likishazikwa, amezikwa. Wote watakaobaki wanajua wanasimama wapi.

"Mama, tumzike Odera," baba mkubwa alimwambia dani, mara ya ngapi sijui. "Huyu mke wake ataoza pamoja na paa."

"Nimemwona amekufa?" dani aliuliza. Alikuwa akibangua karanga na hakuinua kichwa.

"Hakuna aliyemwona."

"Basi. Mimi nilizaa mtu. Sikuzaa yago."

Neno lake ndilo lililozuia. Bila mama mzazi kukubali, hakuna ambaye angepeleka panga kwenye ule mti. Na mimi niliwapenda wote wawili, dani na mama, kwa hiyo kila usiku wa mvua nilitamani jambo moja tu: mtu aniambie kwa hakika kama baba yu hai au la.

Hapo ndipo alipoingia Sista Boke.

Alikuwa mtawa wa misheni iliyokuwa karibu na shule yetu, Mkuria kutoka upande wa Migori, mrefu, mwenye pengo dogo kati ya meno ya mbele. Kijaluo hakukijua zaidi ya salamu, na sisi Kikuria hatukukijua kabisa, hivyo tuliongea Kiswahili, kila mmoja na chake. Misheni ilikuwa imepewa kompyuta. Ilikaa katika ofisi ndogo, imefunikwa kitambaa kilichofumwa maua, na mlangoni tulivua viatu, wale waliokuwa navyo. Kila Jumatano baada ya masomo, Sista aliwaita watoto watano. Awali tuliandika majina yetu tu na kuyafuta. Kisha padri mmoja akaleta kutoka Kisumu kisahani cha kung'aa, na ndani yake ilikuwa brausa mpya. Siku hizi tunasema kivinjari. Sista alisema brausa, nasi tukasema hivyo.

"Hata mimi ni mgeni kwake," alituambia. "Tutajifunza pamoja. Nikikosea msinicheke."

"Tukicheka kidogo?" aliuliza Awino, msichana aliyeketi karibu nami, ambaye hakuwahi kushindwa kuuliza.

"Kidogo, ndani ya tumbo."

Alipachika kadi ukutani yenye mistari minne, kwa mwandiko wake wa mviringo. Unganisha simu. Fungua dirisha. Andika. Ngoja. Huo mstari wa nne alikuwa ameupigia mstari chini mara mbili. Simu ilipounganishwa ilitoa mlio kama mbuzi wawili wanaogombana ndani ya pipa, kisha kimya, kisha ukurasa wa kijivu ukaanza kujaa maneno.

"Hapa juu unaandika anwani, kama unajua nyumba ya mtu," Sista alieleza, akigusa kioo kwa ncha ya kalamu. "Lakini kama hujui nyumba, unakuja hapa katikati. Unaandika jina la kitu. Mashine inakwenda kuuliza dunia nzima, halafu inarudi kukuambia."

"Dunia nzima?" nikauliza.

"Dunia nzima."

Nataka kueleza vizuri kile nilichokielewa, kwa maana hakikuwa kichaa. Mtoto hupima jambo jipya kwa yale anayoyajua. Nilijua rejista ya darasa: mwalimu aliita majina, aliyekuwepo aliitika, na aliyenyamaza aliandikwa hayupo. Nilijua redio ya dani, iliyosoma kila jioni majina ya waliofariki na mahali watakapozikwa, nasi tukanyamaza kusikiliza kama kuna wetu. Nikaona kwamba brausa ni rejista ya dunia. Waliomo wanaitika. Asiyeitika hayupo.

Lakini sikuwa mtoto wa kuamini haraka. Nilitaka kwanza kuijaribu. Zamu yangu ilipofika niliandika Homa Bay, herufi moja baada ya nyingine, kidole kimoja. Tukangoja. Maneno yakaja, na Sista akabonyeza mstari wa kwanza. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, ukanda kwa ukanda: kwanza anga, kisha ncha ya kilima, kisha mabega yake, kisha ziwa.

"Got Asego," Awino alinong'ona.

Kilikuwa kweli Got Asego, kile kilima chenye ncha kinachosimama juu ya mji. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa amekiandika. Mashine hii ilitujua.

Jumatano iliyofuata nilichelewa makusudi ili niwe wa mwisho. Wenzangu walikwenda kuvaa viatu. Sista alikuwa dirishani akizungumza na mpishi kuhusu maharagwe. Niliandika majina matatu ya baba, kama yalivyokuwa kwenye kadi yake ya ubatizo ambayo mama aliiweka chini ya godoro, upande usiovuja. Nilihakikisha kila herufi. Nikabonyeza. Nikafuata mstari wa nne wa kadi.

Nilingoja nikitazama ile alama ndogo pembeni ikizunguka. Niliwaza mashine ikipita Migori, ikiuliza kwenye lile duka la buti. Ikivuka mpaka. Ikisimama juu ya kila shimo la dhahabu na kuita. Nilijua akiitwa angejibu, kwa maana hata alipokuwa bafuni, ukimwita alikatiza mluzi na kusema, "Naam, mama." Alikuwa akiniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Ukurasa ulipokuja ulikuwa mtupu, na mstari mmoja mfupi. Hakuna kilichopatikana.

"Umepata ulichotafuta, binti?" Sista aliuliza kutoka dirishani.

"Ndiyo, Sista."

Laiti ningesema hapana. Angekuja, angeketi, angenieleza kwa uvumilivu wake. Lakini nilikuwa nimepata jibu, na niliona si neno la kumwambia mtu wa nje kabla ya wenyewe.

Dani alikuwa jikoni mwake, moto wa kuni mbichi ukimtoa machozi. Nilipiga magoti karibu naye nikamwambia yote: kisahani, kadi, mbuzi ndani ya pipa, Got Asego. Alisikiliza akigeuza uji kwa mwiko.

"Hiyo mashine ni ya Wakatoliki," alisema. Yeye alikuwa Msabato.

"Ni ya misheni, dani. Lakini inauliza dunia nzima."

"Hata sisi wa Sabato?"

"Hata nyinyi. Na nimeiuliza habari za baba."

Mwiko ulisimama.

"Ikasema?"

"Hayupo."

Sikulia. Nilijiona kama mtu mzima aliyetumwa mbali na kurudi na habari. Dani alinitazama, moshi ukipita kati yetu.

"Nyakwara," alisema, yaani mjukuu wangu, "uliandika na jina langu?"

"Hapana."

"La mama yako?"

"Hapana, dani."

"Na lako?"

Nilishangaa. Kwa nini niandike jina langu wakati nilikuwa nimeketi palepale? Nikatikisa kichwa. Aliangalia magoti yangu yaliyokuwa na vumbi la barabara, akaniuliza nilikuwa nimekwenda kule Jumatano ngapi. Nikamwambia. Akauliza kama ningekwenda tena. Nikasema kama angetaka nihakikishe, ningekwenda kila Jumatano, hata nikiwa darasa la nane, hata sekondari, ningekuwa nikiuliza hadi nizeeke.

Aliutoa uji motoni ingawa haukuwa umeiva.

"Nenda umwite baba yako mkubwa," alisema.

Tulizika asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi. Baba mkubwa na wanaume wawili wa ukoo walitoka kwenye mti wa yago kando ya kijito, wakibeba tunda katika blanketi ya baba ya rangi ya kahawia. Nilitaka kulishika. Nilidhani ningekatazwa, lakini dani akasema niachwe. Sikutarajia uzito ule. Lilinivuta mikono hadi chini, gumu, lenye ngozi ya kijivu yenye mikwaruzo, na lilikuwa na ubaridi wa kijito. Nikakumbuka kwamba baba alikuwa mrefu. Walilizika upande wa kulia wa nyumba yake, mahali pa mwanamume. Udongo wa kwanza ulipoangukia blanketi, mama alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti iliyokuwa imekaa ndani miaka mitatu. Dani hakulia. Alisimama akiwa amenishika begani.

Tulinyolewa nywele. Mambo mengine ya mila yakafuata, ambayo watoto hawakuambiwa. Shule zikafungwa. Zilipofunguliwa, ndugu mmoja wa ukoo alikuwa tayari juu ya paa la mama na nyasi mpya zilikuwa zimerundikwa uani, zikinukia kama mkate.

Jumatano ya kwanza nilirudi kwenye ofisi ya Sista Boke. Aliona kichwa changu kilichonyolewa, akaniwekea mkono juu yake bila kuuliza. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Awino, na Awino, kwa kuwa ni Awino, akaandika jina lake mwenyewe.

Hakuna kilichopatikana.

"Dunia nzima haikujui," mmoja wetu alimtania. "Na vile unapiga kelele."

"Imeshindwa kusikia kwa sababu ya kelele zako," Awino alimjibu. "Sista, mbona sipo?"

Sista alicheka, akavuta kiti. "Kwa sababu hakuna aliyekuandika. Humu mna vile tu ambavyo mtu alikaa chini akaviandika. Watu wengi hawamo. Mimi simo. Mama yangu hayumo, na jana amenipigia simu ya kunigombeza."

Walicheka wote. Mimi nilitazama kadi ukutani hadi maneno yakachanganyika.

Sikusubiri zamu yangu. Nilikimbia njia nzima hadi nyumbani, viatu mkononi. Dani alikuwa nyuma ya nyumba akianika mtama, na kwa mama walikuwa wakimalizia kukata ncha za nyasi kwa panga, usawa mmoja kuzunguka paa. Nilimwambia nikihema, maneno yakigongana. Awino hayumo. Sista hayumo. Mashine haimjui mtu yeyote. Nimemuua baba.

"Keti," alisema.

Nikaketi.

"Nilijua."

"Ulijua nini, dani?"

"Nilikuuliza kama jina lako limo. Ulisema hukuliandika. Mtu akienda kuuliza habari za mmoja tu, hawezi kujua kama anayejibu ni kipofu." Alitandaza mtama kwa kiganja, polepole, akiondoa mawe madogo. "Mimi sikusoma, lakini si mjinga."

"Basi kwa nini ulikubali?"

Wanaume wa paani walikuwa wakitaniana juu ya nani ana mguu mzito.

"Mimi nilikuwa namngoja," alisema. "Hiyo ni kazi yangu, nilimzaa. Mama yako alingoja, ni mume wake. Siku ile umekuja na magoti yako ya vumbi ukaniambia utakwenda kila Jumatano hadi uzeeke. Nikaona nimekupa kazi isiyo yako."

"Na akija?"

Aligeuka akatazama nyumba ya mama, nyasi zake mpya za manjano, na yule mwanamume akishuka ngazi na panga mkononi.

"Akija," alisema, "atakuta nyumba yake haivuji."

Hatukuzungumza tena jambo hilo, si siku hiyo wala miaka yote iliyofuata. Kikohozi cha mama kilipona. Baba hakuja. Nilipomaliza shule nikachagua kazi hii, na watu huniuliza kwa nini naanza somo kwa namna ya ajabu. Sasa mnajua. Huwa namwambia kila mwanafunzi aanze na jina lake mwenyewe. Wengine hawapati chochote, hunitazama kwa aibu, nami huwaambia: umeona? Haikujui, na uko hapa, umeketi, kiti kinalia chini yako. Sasa ndiyo tunaweza kuanza.

Wiki iliyopita, katika kile chumba chenye harufu ya plastiki, hatimaye niliinua mikono. Niliandika jina langu. Nikaandika la dani, ambalo ndilo langu pia, na hakuna kilichomhusu. Kisha nikaandika majina matatu ya baba. Siku hizi mashine haikosi cha kusema. Ilileta mwalimu wa Siaya, mchezaji wa mpira, daktari wa meno anayetabasamu. Niliwasoma wote, mmoja mmoja, hadi wa mwisho. Hakuna aliyekuwa na kucha nyeusi.

Nje, wanafunzi wangu walikuwa wameanza kukusanyika kwenye benchi. Nilifuta kisanduku kikabaki kitupu, nikafungua mlango, nikamwita mama wa kwanza aingie avute kiti.